Samaki wa Birika la Bofu

Nilipoajiriwa idara ya afya, mwaka mmoja au miwili kabla ya uhuru, kiburi kilinijaa kuliko elimu. Nilivaa kaptula ya kaki, nikabeba kopo la unga wa klorini, nikawa natia dawa visima na mabirika ya Likoni.

Msikiti mmoja wa Bofu ulikuwa na mtunza birika, mtu mfupi asiyependa maneno mengi. Kila Alhamisi alizisugua kuta za birika kwa makumbi ya nazi. Hakuna aliyeruhusiwa kutumbukiza mkono. Maji yalitekwa kwa kata, na miguu ilioshewa kando. Ndani alifuga vijisamaki vya kijitoni, vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Nilipochungulia niliona chini kabisa. Maji safi kama yale sijapata kuyaona hata hospitalini, wallahi.

"Waache, mwanangu," aliniomba. "Hawa ndio dawa yangu."

Nikamjibu kuwa amri ni amri. Nikamimina unga bila hata kuupima.

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, nilipita kujionea kazi yangu. Samaki walielea matumbo juu, na harufu ilikaba pua. Hapo ndipo nilipokumbuka nililofundishwa utotoni katika chuo cha Kurani: maji yaliyogeuzwa harufu kwa kitu kilichotiwa hayafai kwa udhu. Adhuhuri watu wangekuja kuswali, na mimi, Mwislamu mwenzao, nimewaharibia birika zima. Niliona haya hata kuinua uso.

Mtunza birika alikuwa keshaanza kulikausha. Hakunigombeza. Nilivua viatu nikashika ndoo ya pili, tukamwaga maji yote, kisha tukateka mapya kisimani hadi viganja vikatoka malengelenge. Vyangu, si vyake. Birika lilijaa adhana ikikaribia. Ndipo akaleta mtungi kutoka chumbani kwake, akaumimina taratibu. Samaki saba, wazima. Habari zangu zilimfikia kabla yangu, akawa amewatenga hao saba mapema.

Wazee walipoingia walishangaa kuona sakafu imelowa, wakamuuliza kulikoni. Neno moja tu lingetosha, nisingeonyesha tena uso wangu Bofu.

"Tumeosha birika," alisema, "mimi na kijana huyu."

Kisha akanipa kata, akaniambia nitawadhe upesi, swala isinipite.