Matanga ya Timu ya Kijani

Nyumbani kwetu Kasongo kulikuwa na msiba uliokataa kuisha. Bibi, mama yake baba, alipofariki, tulilia, tukakaa matanga, wanaume wakaacha ndevu. Siku ya kuondoa matanga ikafika, wakanyolewa, tukala, kila mtu akarudi shambani kwake. Lakini msiba huu mwingine ulimfanya baba aache ndevu mpaka zikafika kifuani, na marehemu hakuwa mtu. Ilikuwa timu ya mpira.

Msicheke bado. Baba alikuwa prezida wa mashabiki wa timu ya kijani, na katika mji wetu cheo hicho kilikuwa na uzito. Alikuwa na ngoma kubwa iliyopakwa rangi ya kijani. Jumapili baada ya misa alikaa upande wa uwanja ulio karibu na kanisa, kwenye benchi ambalo hakuna mtu wa nje aliyethubutu kulikalia. Upande wa pili walikaa watu wa bluu na prezida wao, fundi cherehani wa sokoni, mzee mwembamba mwenye sauti kali kuliko filimbi ya refa. Baba na fundi huyo hawakusalimiana njiani. Suruali ya baba ikichanika, mama aliishona kwa mkono, vibaya, huku cherehani ya fundi ikisikika mpaka barazani kwetu. Lakini Jumapili walitukanana, kutoka upande huu wa uwanja hadi ule, kwa ufundi ambao watu walitoka vijijini kuja kuusikia. Wengine hawakutazama mpira kabisa.

Kisha tajiri mmoja wa dhahabu huko Salamabila akataka timu. Hakutaka kuianzisha, alitaka iliyokwisha kuiva. Akamwahidi kila mchezaji wetu pikipiki. Vijana wetu, ambao mpaka siku ile walikwenda uwanjani wakiwa wameshika viatu mkononi ili visichakae, wakaondoka wote. Barabara ya kwenda huko, ya kupitia Wamaza, ilikuwa matope matupu, lakini walipita. Huko wakavalishwa jezi za njano. Haukupita muda mrefu tukasikia kwa wachuuzi kwamba timu imekufa. Imekufaje? Hapo kila mchuuzi alikuwa na uongo wake.

Na hapo ndipo tabu yetu ilipoanzia. Kwetu, mtu akifia mbali, matanga hayaondolewi mpaka wale waliokuwa naye waje, wakae kwenye mkeka, waeleze aliuguaje, alisema nini, nani alimshika mkono mwishoni. Ndugu wakinyoa kabla ya hapo, ni kama wamemtupa porini. Baba akasema watu wa Salamabila hawajaja kueleza. Basi yeye hanyoi.

“Baba ya watoto,” mama alimwambia, “mama yako mwenyewe ulimulilia ukamaliza. Hii mupira ilikuzaa lini?”

“Mama yangu alikufa mbele ya macho yangu,” baba akajibu. “Hii bado hawajatuelezea.”

Mama alizichukia ndevu zile kwa sababu za kazi. Sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ilikaa mle. Mawese yalikaa mle. Punje ya mchele ilipotea mle asubuhi ikaonekana kanisani. Kwenye picha ya harusi yangu baba anaonekana kama nabii aliyepotea njia akaingia kwenye sherehe ya watu. Nilikasirika siku ile, na bado nakasirika kila ninapoitoa picha, kwa sababu nilikuwa nimependeza na hakuna anayeniangalia mimi.

Jumapili hakuacha kwenda uwanjani. Wazee wa komite yake walibanana naye kwenye lile benchi. Kila mwaka walichagua upya viongozi wa mashabiki wa timu isiyokuwepo, na waligombea vyeo kwa hasira ya kweli, wengine wakinuniana mpaka Pasaka. Bluu walicheza na timu yoyote iliyopita njia. Baba hakuwatukana tena, maana mfiwa hatukani watu. Alikaa kimya, ngoma yake imefunikwa kitambaa cheusi. Nilimwona kwa nyuma, mabega yameshuka, na roho iliniuma. Ndevu ni kichekesho, lakini baba yangu alikuwa hana Jumapili tena.

Mwaka jana mama alikwenda sokoni kununua chumvi. Akamkuta mtu mnene anafunga magunia ya mchele juu ya pikipiki. Akamzunguka mara mbili. Alikuwa kipa wetu, kipa wa kijani, kaongezeka tumbo. Mama hakumwuliza habari. Alichomoa ufunguo wa pikipiki, akausukuma ndani ya kitenge chake, mahali ambapo mwanamume mwenye adabu hawezi kuufuata.

“Mama, iko nini?” kipa akauliza.

“Iko maiti,” mama akasema. “Unaenda kuieleza.”

Alipofika naye nyumbani, habari ilikuwa imewatangulia: kipa aliona mkeka umetandikwa na wazee wa komite wanakuja mbio, mmoja na kiatu kimoja. Alielewa. Ni mtoto wa hapa. Akavua viatu, akakaa chini, akainamisha kichwa. Baba akakaa mbele yake na kuanza kuuliza kwa utaratibu, kama inavyotakiwa.

“Iliugua nini?”

“Dhahabu, baba.”

“Mwisho ulikuwa namna gani?”

Kipa akavuta pumzi. “Ilikuwa mechi, tunaongoza. Mutu mumoja akapita mbio kando ya uwanja, akasema wamepata dhahabu mingi nyuma ya kilima. Washambuliaji wakaenda kwanza. Halafu mabeki. Halafu wale tulikuwa tunacheza nao. Refa alibaki kidogo, akaniangalia, akasema, ‘Kipa, ulinde vizuri,’ akaenda pia.”

“Na wewe?”

“Mi nilibaki mu goli.”

“Juu ya nini?” Baba alitaka sababu.

“Filimbi haikupigwa, prezida. Mupira ilikuwa bado mu mchezo.” Akafuta jasho. “Nilibaki mpaka mbuzi wakaingia uwanjani. Mumoja akakuja karibu na goli, nikamufukuza. Halafu nikavua jezi. Hawakurudi tena kucheza, hata siku moja.”

Mzee mmoja alianza kucheka, akajiziba mdomo, na kicheko kikatokea machoni kama machozi. Aliyekaa kando yake alikuwa analia kweli. Mimi nilikuwa mlangoni na sikujua nimfuate yupi. Baba peke yake hakutikisika.

“Nani alimushika mukono?” akauliza.

“Ni mi, baba.”

“Basi haikufa peke yake,” baba akasema. “Aksanti.”

Kabla hajamaliza neno hilo mama alikuwa amesimama na wembe, sabuni na beseni la maji. Nadhani aliyaandaa kabla ya kuuliza bei ya chumvi. Kipa ndiye aliyemnyoa baba, maana ndiye aliyeleta habari. Ndevu zikaanguka kwenye mkeka, nyingi, na mama akazifagia haraka kabla mtu hajabadili mawazo. Nilikuwa nimesahau kwamba baba ana kidevu. Kilikuwa kidogo, kimezeeka mle ndani bila sisi kujua. Nikaingia ndani nikalia peke yangu, kisha nikatoka kusaidia kupika. Kipa alirudishiwa ufunguo baada ya kula.

Jumapili iliyofuata baba alitoa kitambaa cheusi juu ya ngoma. Alifika uwanjani, akalitazama benchi lake, hakukaa. Akavuka uwanja mzima na ngoma yake, mpaka upande wa bluu. Mimi nilimfuata kwa mbali, nikiogopa aibu.

Fundi cherehani alimtazama kidevu, akaitazama ngoma. “Unatafuta nini huku?”

“Matanga yetu imeisha,” baba akasema. “Nimekuja kuangalia mupira.”

“Yenu imeisha. Na yetu?”

“Ninyi mulifiwa na nani?”

“Na ninyi!” Sauti ya yule mzee ikapanda kama zamani, kisha ikakatika. “Tangu mulienda tunashinda watu hata hatuwajui. Nani ananitukanaka mi? Hawa watoto? Hawajui hata kuanza. Na wewe, jirani, hukukuja hata kutupa pole.”

Mtu aliyekataa wembe miaka yote ile kwa ajili ya neno moja la desturi alikuwa ameruka jambo ambalo hata mtoto analijua: msiba ukiwa kwa jirani, unakwenda. Alitua ngoma. Akakaa chini kwenye vumbi, mbele ya benchi la bluu, na suruali yake ya Jumapili.

“Pole, prezida,” akasema. “Poleni wote.”

Kwetu hatuendi kutoa pole mikono mitupu, na yeye alikuwa amekwenda na ngoma tu. Kesho yake alinituma kwa fundi na kuku. Fundi alimpokea, akampima kwa jicho, akamweka chini, kuku akakimbilia chini ya cherehani.

“Umwambie baba yako,” akasema, “hii kuku inakimbia kuliko mushambuliaji yenu wa kushoto.”

Nilifikisha maneno kama yalivyo. Baba alifumba macho. Kidevu kile kipya kikaanza kutetemeka, nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu vijana wale walipopita Wamaza. Akamwita mama alete suruali zote zilizochanika, akanitwisha.

“Umupelekee azishone. Na umwambie apime macho kwanza, maana hata goli ya wazi hakuonaka.”

Mimi ni mwanamke mwenye mume na watoto, na nilikuwa nimeacha dengu jikoni. Nikajitwika mzigo nikatoka. Sijafika barabarani nikasikia anapiga kelele mlangoni:

“Rudi kwanza! Iko ingine ya kumwambia!”

Nikarudi.