Tunda la Yago Mezani

Nilipokodi hoteli yangu ndogo hapa Homa Bay, nilipewa pamoja na mti wa mwegea uliosimama uani. Waluo huuita yago. Kiangazi kikija, maua yangu ya mikebeni hufa yote, nami huyamwagia maji huku nikiyatukana. Mwegea hausumbuki. Hupukutisha majani, hungoja, kisha hushusha maua mekundu na matunda marefu, mazito kama kitoto kichanga. Kwetu Ntimaru, upande wa Kuria, nilisikia tunda hilo likisifiwa kwa kuchachusha pombe na kupaka ngozi inayowasha, basi. Wateja wangu waliupenda mti kwa kivuli na kwa kupigia picha.

Kwa hiyo tunda moja kubwa lilipoanguka na kukikosa kidogo tu kichwa cha mteja, sikulitupa. Nililiosha, nikalipaka vanishi likang'aa, nikalilaza juu ya kitambaa cheupe kwenye meza ya mlangoni, maua huku na huku. Nilijiona fundi wa mapambo.

Kesho yake asubuhi akaja mama anayeniletea samaki, yule anayeniita Nyar Kuria, binti wa Kikuria. Zamani waliletwa na mwanawe, kijana mcheshi aliyekunywa chai kwenye meza hiyo hiyo ya mlangoni kabla ya kurudi ziwani. Halafu mama akaanza kuja mwenyewe. Nilipomuuliza, alisema, "Amesafiri." Tangu hapo, kila akija, nilimtania juu ya kijana wake: "Mume wangu amerudi?" Naye alijibu, "Bado," tukaendelea na biashara.

Siku hiyo aliitazama meza, beseni likamporomoka kichwani. Samaki wakatapakaa sakafuni.

"Ng'a motho?" alipiga ukelele. "Nani amekufa hapa?"

"Hakuna aliyekufa, mama! Ni urembo tu."

"Urembo?" Akaketi chini palepale, katikati ya samaki. "Nyar Kuria, hiyo ni mtu. Mtu akipotea na mwili ikose kuonekana, sisi tunazika yago. Inalala kwa kaburi yake."

Kitambaa cheupe, maua huku na huku! Nilikuwa nimelaza maiti mlangoni, na watu walikuwa wakinywa uji kando yake.

Kumbe hayo yalikuwa madogo. Akasema bila kunitazama, "Wazee wa boma wananisumbua nikubali wazike yago ya kijana yangu. Boti yao ilipinduka. Wenzake walipatikana, yeye hapana. Nimekataa. Nikizika, nani atamngoja?"

Ule utani wangu wote! Kila wiki nilikuwa nikimchoma pale pale penye kidonda, naye ananijibu kwa upole. Nilikasirika pia, na hasira yangu sikuificha.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia aje? Wewe peke yako ndio ulikuwa unauliza kama amerudi. Wengine wote wanauliza tutazika lini."

Tuliokota samaki, kila mmoja akitazama mikono yake. Tulipomaliza alisimama mbele ya meza, akagusa ukingo pale kijana alipozoea kuweka kikombe. Kisha akafungua leso yake kiunoni, akalifunika lile tunda.

"Nipe hii."

"Mtini kuna mengine, mama. Hili nimeshaliharibu kwa vanishi."

"Hii imekaa kwa meza yake," alisema. Akalibeba kifuani, beseni akaniachia.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mazishini kwao, upande wa Magunga. Walikuwa wamelivalisha tunda jezi ya mpira ya kijana, na kwenye shingo ya jezi vanishi yangu ilimetameta juani. Niliona aibu, lakini hakuna aliyecheka. Lilishushwa kaburini kwa nyimbo na vilio kama mtu yeyote, nami nililia kama mtu wa boma lile.

Udongo ulipokwisha kusawazishwa, mama alinishika mkono.

"Uliza."

Sikumwelewa.

"Uliza vile huwa unauliza."

Nikauliza, "Amerudi?"

"Amerudi," alisema, akaenda kuwatafutia wageni viti.