Wasiwasi wa Mwenyekiti

Mwenyekiti wa kamati yetu ya mtaa alikuwa mtu wa kuchagua maneno, na mpaka leo sijamsamehe. Alizaliwa Mji wa Kale kama mimi, akapata pesa, akahamia Kizingo kwa matajiri, lakini uenyekiti hakuuacha. Kila Ijumaa alikuja mtaani kwa gari, akashusha kioo kidogo kupokea salamu.

Mwaka huo masika yaliozesha roshani ya nyumba moja tupu ambayo mwenyewe yuko ng'ambo. Chini yake shangazi yangu hukaanga mahamri asubuhi. Siku moja chokaa ikamwagikia karaini.

"Mwanangu," akaniambia, "roshani hii yanitia hofu. Kawaambie hao wakubwa wenu."

Nyumba za zamani haziguswi bila kibali cha serikali, kwa hivyo ilibidi kamati iandike barua ya Kiingereza. Mimi nasomesha Kiingereza katika shule moja huko Tudor, nikaitwa nyumbani kwa mwenyekiti kuiandika. Nilikwenda na mistari miwili tayari: tunaogopa, roshani itaanguka, mtu ataumia. Neno nililotumia lilikuwa "afraid".

Mwenyekiti alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mwalimu, hilo ni la watoto wanaoogopa giza."

"Basi tuandike 'worried'."

"Hilo ni la wanawake jikoni. Watu wa heshima huwa 'concerned'."

Wajumbe wanne waliokaa naye wakaafiki kwa vichwa, na wawili kati yao hawawezi kuandika hata barua ya kuomba ruhusa ya ugonjwa. Kisha mmoja akauliza: ni "concerned about" au "concerned with"?

Hapo ndipo ninapojidharau. Ningejibu kwa neno moja nikaenda zangu. Badala yake niliinua kidole kama niko mbele ya ubao, nikawafafanulia nusu saa nzima kwamba la kwanza ni la mtu aliyeingiwa na wasiwasi, la pili ni la mtu anayehusika na jambo. Nilifurahi kusikilizwa. Sambusa zikaletwa, nikala. Mwenyekiti akasema neno lile peke yake ni kavu, liongezewe uzito, "deeply" au "gravely". Hawakuafikiana. Barua ikaahirishwa hadi Ijumaa nyingine.

Jumanne roshani ikaanguka. Boriti ilikikosa kichwa cha shangazi, ikapiga karai, mafuta yakammwagikia mguu. Nilimkuta hospitali amefungwa bendeji mpaka gotini, akiuma pindo la leso asilie mbele za watu.

Jioni mwenyekiti akaja na mfuko wa machungwa. Akasimama mbele ya wauguzi, akatamka kwa Kiingereza kwamba kamati nzima ni "deeply concerned". Nadhani ndipo alipochagua kati ya maneno yale mawili.

"Asemaje?" shangazi akaniuliza.

"Asema wana wasiwasi sana."

Shangazi akamtazama. "Roshani ishaanguka, baba. Wasiwasi wa nini tena?"

Mwenyekiti akacheka kicheko kidogo, akatazama saa yake, akasema ana mkutano.

Siku ya pili fundi seremala wa mtaani na wanawe walipanda ngazi wakang'oa mabaki yote kabla ya adhuhuri. Hawakuandika neno. Mwenyekiti alipopata habari alikuja kuwafokea: kibali kiko wapi?

"Njoo uyarudishe juu, bwana mwenyekiti," fundi akamjibu. "Mimi nitakushikia ngazi."

Shangazi alikaa miezi mitatu bila kazi, na mguu huo anauburura hadi sasa. Barua ilipelekwa hata hivyo, kuomba hatua zichukuliwe kuhusu roshani isiyokuwepo. Nililetewa nisahihishe, nikakataa hata kuifungua.

Kamati ilipochaguliwa upya, mwenyekiti alirudi bila kupingwa. Wajumbe walisema hakuna ajuaye kuzungumza na wakubwa kama yeye. Mimi nilipendekezwa kuwa katibu. Nikawaambia wanifutie jina, nikavaa viatu vyangu, nikatoka.