Seva Jirani na Mashine ya Kusaga

Dada yangu alinipigia simu nikiwa Igawa. Akasema Jumamosi ya wiki inayofuata tunajengea kaburi la mama, na kwamba baba ameuliza jambo moja tu: zile video za kwaya bado ninazo?

Ninazo. Nimehama mara nyingi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu. Iringa, Makambako, Mbeya, Igawa. Kote huko nimeacha vitanda, masufuria, hata viatu. Lakini hadidiski yenye video hizo nimetembea nayo ndani ya soksi ya sufu. Humo yumo mama, amesimama mstari wa pili wa kwaya ya kigango chetu, nje kidogo ya Kalenga, anaanzisha wimbo. Nilimrekodi kwa kamera ya kuazima, vipande vipande, na picha zinatetemeka kwa sababu mkono wangu ulikuwa bado haujaijua kazi. Sauti yake haipo mahali pengine popote. Na macho ya baba yanafifia. Dada aliponipigia, baba alikuwa tayari anatutambua kwa miguu, kwa jinsi tunavyotembea.

Nilitaka baba amwone mama akiimba wimbo mzima, Jumamosi hiyo, angali anaona. Basi nilihitaji kompyuta ya kuunganisha vile vipande, kuvisafisha, kisha kuvirenda, yaani kuvipika mpaka viwe video moja.

Nikapanda basi kwenda Mwanjelwa, sokoni Mbeya. Dada mmoja fundi, amejifunga kitenge juu ya sweta, aliniwekea mezani kompyuta mbili zilizotumika. Moja kubwa kama begi la safari, nyingine ndogo.

"Hii kubwa ilikuwa seva ya ofisi," akasema. "Prosesa yake ya zamani, ila ya kazi nzito. Hii ndogo prosesa yake ya juzijuzi, ya mezani, ile ya bei ya chini. Bei zao zinalingana."

"Ipi nzuri?"

"Shamba lako kubwa au dogo? Kubwa ina vibarua wanane ndani ya prosesa, wazee, wanatembea. Ndogo ina vijana wanne, wanakimbia."

"Shamba langu kubwa."

"Haya. Ila vibarua wanane wanakula, kaka. Umeme wa huko unakoipeleka upoje?"

"Upo."

Alinitazama. "Upo," akarudia, akachomeka nyaya.

Tulizipima kwa kipande cha wimbo nilichobeba kwenye flashi. Ndogo ilikifungua mara moja, na nilipovuta picha mbele na nyuma haikusita. Kubwa ilivuma kwanza, ikajikusanya, ikasitasita. Lakini tulipofika kwenye kurenda, wazee wanane waliinama shambani na vijana wakaachwa nyuma. Nikachukua kubwa. Sikuichukua kwa hesabu peke yake. Napenda vitu vilivyowahi kuishi mahali pengine. Nilipenda kudhani kwamba imekesha miaka katika chumba fulani, ikitunza kazi za watu nisiowajua.

Nikaisafirisha mpaka kwa baba, karibu na Kalenga, nikaiweka sebuleni, juu ya meza ya mama. Asubuhi ya kwanza nikaipa kazi, ikaanza kuvuma. Kisha ng'ambo ya njia mashine ya kusaga ikanguruma. Taa ya sebuleni ikawa nyekundu kama kaa la moto. Kiboksi cha betri nilichonunua nayo, cha kuishika kompyuta umeme ukiyumba, kikalia mara moja, halafu kimya. Skrini nyeusi. Kazi yote imepotea.

Nikampigia fundi. "Kiboksi hicho kingeishika ile ndogo mpaka unywe chai umalize," akasema. "Hiyo uliyonayo hata kupiga chafya hutamaliza. Na umeme ukishuka hivyo, yenyewe ndiyo ya kwanza kuanguka. Inakula sana, kaka. Nilikuuliza."

Kurudi Mwanjelwa kubadilisha kungenila siku mbili. Wiki ile umeme ulikuwa unakatwa jioni na kurudi asubuhi, kwa hiyo usiku haukunifaa. Mchana ndio niliokuwa nao, na mchana ulikuwa wa mashine ya kusaga.

Nikawa mtu wa dirishani. Kila mwanamke aliyetokea njiani na ndoo ya mahindi kichwani alinikausha mate. Akipita moja kwa moja kwenda kisimani, napumua. Akikata kona kuelekea mashineni, nakimbilia kuhifadhi kazi. Nilizijua ndoo kwa rangi. Usiku niliota ndoo.

Siku ya pili nilimfuata mwenye mashine, nikamwomba anipe asubuhi moja tu bila kusaga.

"Mnyalukolo," akasema, yaani ndugu yangu, akijipangusa unga kwenye kope, "unajua mahindi yaliyojaa humu ni ya nani?"

"Ya nani?"

"Ya kwenu. Ya Jumamosi. Dada yako kaleta magunia."

Nikarudi kwa dada. Alikuwa uani anapepeta maharage pamoja na mama mmoja aliyekuwa akiimba sauti ya pili kwayani kando ya mama yetu miaka yote ile.

"Kamwene," nikasalimu.

"Kamwene," mama yule akajibu. "Mbona umekonda uso? Kompyuta inakula na wewe?"

Nikawaeleza. Dada hakuinua macho. "Kaka, wanakuja watu kutoka Mufindi, wanakuja wa Mbeya. Niwape nini, waya?"

"Asubuhi moja tu."

"Mama yenu angecheka," yule mama akasema. "Umeleta mashine ya kutuonyesha aliyekufa, inawanyima ugali walio hai."

Wakacheka wote wawili, nami nikacheka. Ilikuwa Alhamisi. Sikuwa na hata dakika moja ya wimbo iliyokamilika.

Baba alikuwa amekaa kizingitini, akisikiliza. "Wasage," akasema. "Wewe pika kidogo kidogo. Mama yako aliimba akipumua, hakuimba kwa pumzi moja."

Ndivyo tulivyofanya. Niliukata wimbo mahali mama anapovuta pumzi. Kila kipande kilikuwa kifupi kiasi cha kupikwa kabla ndoo nyingine haijamiminwa. Dada alisimama njiani na ungo wake, akapiga kelele: "Anza!" mashine ya kusaga ilipotulia, na "Hifadhi!" mwenye mashine alipokamata mkanda ili aiwashe tena. Wenye ndoo wakajua mchezo. Wengine walisubiri kidogo wakinitania kupitia dirishani, "Mama kafika ubeti wa ngapi?" Wengine hawakusubiri. Vipande viwili vilizimika katikati, nikavirudia.

Ijumaa jioni, umeme ulipoondoka, nilikuwa na wimbo wote kwenye flashi, ila katika vipande. Sikupata nafasi ya kuviunganisha. Kati ya kipande na kipande televisheni ingekuwa nyeusi, kimya, kwa muda wa mtu kumeza mate. Nilikaa gizani nikiihesabu aibu yangu kabla haijafika.

Jumamosi, baada ya saruji na sala na ugali, watu walijaa sebuleni, wengine wakachungulia dirishani. Baba tukamsogeza mpaka magoti yake yakagusa meza. Nikachomeka flashi kwenye televisheni.

Mama akatokea. Wanawake wakaanza kuhesabu waliosimama naye. "Huyu yupo. Huyu hayupo. Huyu ni mimi, jamani, tazama nilivyokuwa!" Kisha mama akafungua kinywa, wakanyamaza.

Kipande cha kwanza kikaisha. Skrini ikawa nyeusi. Lakini yule mama wa sauti ya pili hakuacha. Aliendelea kuimba pale pale mama alipoishia, mwenzake akamfuata, na kipande cha pili kilipoanza mama akawakuta njiani. Ikawa hivyo mpaka mwisho. Nadhani wageni wa Mbeya walidhani tumepanga.

Watu walipotoka kwenda kunawa, baba hakuinuka. Alikuwa bado ameelekeza uso kwenye skrini iliyozimika.

"Umemwona, baba?"

"Picha ina ukungu," akasema. "Au ni mimi."

"Ni picha, baba. Nilitetemesha kamera."

Akatikisa kichwa polepole. Sijui kama aliniamini. "Irudishe pale anapovuta pumzi," akasema, na akasogeza kiti karibu zaidi.