Pakiti ya Sambusa Kwenye Friza ya Wifi

Jamani, kuna watu hapa Dunda mpaka leo wakiniona wananiuliza sambusa zipoje, nami napita kimya, kwa sababu aibu ile niliitafuta kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ilikuwa Ramadhani. Mama yetu alizoea kufuturu kwangu, lakini mwaka ule akishaswali adhuhuri tu anajitanda khanga yake, huyoo kwa Zulfa, mke wa kaka yangu, harudi mpaka baada ya tarawehe. Nikimwuliza anafanya nini huko, ananijibu, "Napumzika." Anapumzika, halafu anarudi ananuka vitunguu! Roho iliniuma, nasema kweli, nikaona wifi ananinyang'anya mama yangu mchana kweupe.

Halafu zile sambusa zake. Kila siku sahani inaletwa kwangu, sambusa zote saizi moja, pembe zimekaa sawasawa, hata moja haijapasuka (zangu kila moja ina sura yake, nyingine hata pembe ya tatu huioni). Nikasema hapa kuna jambo, hizi ni zile za dukani za kugandishwa, mtu anazitosa kwenye mafuta kisha anajifuta jasho la uongo mbele ya wakwe.

Basi siku hiyo tumealikwa kwa Zulfa, familia nzima, na shangazi yetu ametoka Fukayosi. Adhana ikaadhiniwa, tukafungua kwa tende, nikajitia kwenda jikoni kuchukua barafu ya juisi. Barafu ilikuwa juu kabisa kwenye friza. Ningeichukua nikarudi, nisingekuwa na la kusimulia, lakini mkono ukashuka chini, nikakuta pakiti za sambusa zimejaa tele, zina lebo ya duka la kule stendi!

Nikarudi na pakiti mkononi kama askari aliyekamata gongo.

"Mama, unalishwa vitu vya dukani, unajua?"

Zulfa akanifinya paja. "Wifi, yaache hayo, tafadhali."

(Nikajua ananifinya kwa sababu nimemkamata.) Nikaimega sambusa moja ya pale sahanini mbele ya watu, nikaitafuna kwa madaha. "Hizi hazina mkono wa mtu. Nyama haina ladha, manda ngumu kama gome. Sambusa ni za mama yangu bwana, siyo uchafu huu."

Kaka yangu akainamia uji wake. Mama akaweka kikombe chini taratibu.

"Uchafu huo nimeukunja mimi."

Nikacheka. Nilidhani anamsitiri mkwe wake.

"Nyama nimekaanga mimi, manda nimechoma mimi, hapa hapa kwa Zulfa, kisha tunagandisha, tunabandika lebo yao, tunapeleka dukani. Kwako ningefanyaje? Si uliniambia nikiuza hata kitumbua watu watasema watoto wangu wamenitupa? Nikamwomba mwenzio anifichie."

Nilikuwa nimesema hivyo kweli, tena nilijiona mtoto mwema, kumbe nilimkalisha mama kwenye kiti akihesabu nzi, na aliyemfungulia jiko lake ni huyu huyu niliyekuwa namwinda. Shangazi ndiye aliyedakia, akamgeukia mama: "Kumbe wifi yangu mfanyabiashara! Niwekee pakiti, nakwenda nazo Fukayosi." Watu wakaangua kicheko. Mama hakucheka.

Kesho yake sahani haikuletwa. Nikavumilia mpaka alasiri, nikaona isiwe taabu, nikapanda bajaji mpaka lile duka, nikanunue kwa heshima zote na nimpigie mama nimwambie nimenunua. Nilipotaja sambusa, muuzaji akaniangalia, akaangalia friza, akanitazama tena.

"Samahani dada, wewe ndiye Mwanaidi?"

"Ndiye mimi."

"Bi mkubwa amepiga simu. Amesema ukija usiuziwe, mpaka kwanza ukamwombe radhi mke wa kaka yako."

Nyuma yangu foleni nzima imesikia. Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Zulfa, na tangu siku hiyo nikiwekewa chakula nakula, nasema alhamdulillahi, na friza ya mtu siifungui hata nikitumwa.