Kisu cha Mwanangu na Mkia Wake Mfupi

Mwanangu hajakanyaga uwanja wangu tangu Jumapili ile niliyosema kisu chake hakifai. Watu wa Kibaoni wanasema nilimwaibisha. Wengine wananiambia usoni, wengine wanangoja nipite. Basi nieleze mwenyewe ilivyokuwa, kwa maana nimechoka kusikia habari zangu kwa watu ambao hawakuwepo, na waliokuwepo ndio waongo zaidi.

Marehemu mume wangu alikuwa mhunzi. Tulishuka naye kutoka upande wa Mahenge tungali vijana, akajenga kibanda cha kufulia chuma nyuma ya nyumba, na mvukuto nikawa navuta mimi. Miaka yote ile moto wake niliupuliza mimi. Chuma kikiiva nakijua kwa rangi, kikizidi nakijua kwa rangi, na hakuna aliyenifundisha. Nilikaa mbele yake jasho likinitoka na mtoto mgongoni, nikajua. Mtoto mwenyewe ndiye huyu.

Marehemu alikuwa na desturi yake. Akibuni kisu cha namna mpya, au panga, au mundu wa kuvunia mpunga, hauzi mpaka nikae nacho mimi kwanza, jikoni na shambani. Wanunuzi wakija, ananiita mbele yao: "Mke wangu, njoo useme kosa lake." Hakusema njoo ukisifie. Nami nilikuwa nasema. Mpini huu ukilowa unateleza. Ncha hii nyembamba, itakatika. Wanunuzi wanacheka, yeye hacheki, anakirudisha motoni. Siku nisipoona kosa nilikuwa nanyamaza tu, nakirudisha mkononi mwake, na kunyamaza kwangu ndiko kulikouza. Alikuwa akisema aibu ianzie nyumbani, ikianzia sokoni haina dawa.

Alikufa kabla mtoto hajaweza hata kuinua nyundo. Ndugu zake wakaja wanataka fuawe, lile pande kubwa la chuma la kufulia juu yake. Nikalikalia. Nikawaambia anayelitaka anibebe na mimi. Wakaondoka. Mtoto alipopata nguvu nikamweleza yale niliyoyaona: baba yako alikuwa anapiga hapa, hapa alikuwa anaacha, mkia wa kisu alikuwa anaufanya hivi. Mkia ni ule ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Baba yake aliupitisha mpini mzima mpaka ukatokeza upande wa pili, halafu akaukunja kama mtu anavyokunja msumari. Kisu cha namna hiyo kinaoza mpini, kinaliwa na mchwa, lakini hakichomoki. Hilo nilimwambia mwanangu tangu bado anakula kwa mikono miwili.

Alijifunza. Alikuwa na mkono, sitasema uongo. Ila visu vya kienyeji havikumlisha, akawa anachomelea mageti ya watu mjini na fuawe ikabaki inakaliwa na kuku.

Sasa, siku hizi kuna watu wazima wenye akili zao wanaokwenda kulala porini bila kufukuzwa na mtu. Hapa kwetu wako kama hao. Mmoja ni dereva wa lori. Mmoja ana bucha. Mmoja alipita kambi ya jeshi ya Chita zamani na mpaka leo anatembea kama anaitwa gwaride. Mmoja anapeleka wageni kutazama viboko. Wanajenga vibanda vya matawi, wanawasha moto kwa kusugua vijiti na kiberiti kiko mfukoni, wanaonyeshana visu kwenye simu. Sisi mambo hayo tuliyafanya kwa dhiki, wao wanayafanya kwa starehe. Sikuwacheka. Kila mtu na penzi lake.

Mwanangu akawafulia kisu kwa springi kuukuu ya lori. Bapa pana, mpini wa mpingo, na mwisho wa mpini akachonga kichwa cha kiboko, macho na masikio. Wakakubaliana kisu kizunguke. Kila mtu akae nacho wiki yake, aende nacho porini, apasue kuni, achune, akatekate, kisha akate chale moja kwenye ala ya ngozi kuonyesha amemaliza, ampe mwenzake. Wakimaliza wote wakae, kila mmoja aseme alichokiona. Kikipita, kila mmoja anaagiza chake, na walikuwa na wenzao huko Morogoro waliokuwa wanangoja neno lao. Mwanangu angeacha mageti, angerudi kwenye fuawe ya baba yake. Hilo alilitaka. Mimi nililitaka kuliko yeye.

Dereva wa lori, ambaye babu yake alikuwa mteja wetu, ndiye aliyesema, "Kwa mhunzi huyu lazima mtu wa nyumbani aseme mwisho, kama enzi za mzee." Mke wa mwanangu akaruka. "Mimi chuma nakijua kwenye sufuria tu. Mpelekeeni mama."

Mwanangu akaniletea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndicho hiki?"

"Ndicho. Wenzangu wote wameshamaliza. Wewe katia vitunguu tu, Jumapili uje useme neno."

"Neno gani?"

"Mama nawe! Neno la mama."

"Kisu hiki hakikufuliwa kwa ajili ya vitunguu," nikamwambia. Akacheka. Alidhani namtania.

Alipoondoka nikakitoa kwenye ala. Chale zilikuwepo zote, nzuri, zimepangwa kama za shavuni. Lakini pale bapa linapoingia kwenye mpini, mafuta ya kuzimia chuma yalikuwa bado yameganda, meusi. Makali yalikuwa na mikwaruzo ya tupa ile ile ya siku ya kwanza, jiwe la kunolea halijawahi kuyagusa. Nikakinusa. Kisu kilichofanya kazi kina harufu yake, ya damu, ya utomvu, ya samaki. Hiki kilinuka duka. Wale wanaume walikichukua wakakipiga picha, wakakata chale, wakapeana.

Nikakifunga kwenye kanga nikaenda nacho Mofu kwa mdogo wangu, maana huko kuna kazi ya kisu. Nilikata nacho matete ya uzio tangu asubuhi. Makali yalisimama. Nikakata vichwa vya kambale, na kichwa cha kambale si mchezo, makali bado yamesimama. Nilifurahi, Mungu ananijua. Nikamwambia mdogo wangu, "Makali haya ni ya baba yake."

"Basi kimepita," akasema.

"Bado kuni."

Nikaweka makali juu ya gogo kavu, nikapiga mgongo wa kisu kwa rungu la mti, namna ile ile wale wanaume wanayosema wanafanya. Kikaingia vizuri. Kufika kwenye kifundo kikajipinda, mpini ukatoa sauti, ko.

"Dada, kimelia."

"Nimesikia."

"Acha basi."

"Niache, halafu akaumie nani?"

Nikapiga tena. Bapa likachomoka kwenye mpini, likapita karibu na mguu wa mdogo wangu, kuku wakatawanyika. Mdogo wangu alikaa chini akashika ugoko wake pale ambapo hapakuwa na kidonda. Mimi nimebaki na kichwa cha kiboko mkononi. Nikaliokota bapa. Mkia wake ulikuwa mfupi kama kidole gumba, umegandishwa kwa gundi. Aliukata ili usitokeze upande wa pili ukaharibu kiboko chake.

Watu wanasema ningempigia simu. Ningeweza, simu ninayo. Wanasema ningemwita pembeni kabla watu hawajakaa. Sikumwita. Kwa baba yake sikuwahi kusema kosa chumbani, nilisema kibandani, mbele ya aliyekuja kununua. Hiyo ndiyo maana ya kuitwa. Kama walitaka mtu wa kupiga vigelegele, mjini wapo, wana sauti kuliko mimi.

Jumapili baada ya misa tukakaa nyuma ya bucha. Walinipa kiti cha plastiki, wakaniamkia vizuri. Wakaomba kisu. Nikasema, "Semeni kwanza, ninacho hapa mapajani." Nikawapa ala tupu, wakawa wanapeana, kila mmoja anagusa chale yake na kusema.

Yule wa kambi ya Chita alisimama. "Kisu hiki ni askari. Nimemaliza."

Dereva akasema amepasulia magogo mpaka jirani wamemwomba kuni.

Mwenye bucha akasema, "Mimi nilimchuna nacho mbuzi. Mbuzi mwenyewe hana habari mpaka leo." Wakacheka wote, mwanangu akacheka zaidi, jino la nyuma likaonekana. Sikuwa nimeliona siku nyingi.

Mpeleka wageni akasema wageni wake walikililia.

"Haya bibi, funga kazi," akasema dereva.

Nikafungua kanga. Nikaweka bapa mezani, nikaweka na kile kiboko kando yake. Hakuna aliyecheka. Nikasema, "Makali mazuri. Chuma kizuri. Mkia mfupi. Kimechomoka kwenye kuni, kimekosa mguu wa mtu kidogo tu. Kisu hiki hakifai."

"Bibi, umekipiga kwa shoka?" akauliza dereva.

"Kwa rungu la mti. Wewe magogo yako uliyapasulia kwa nini, kwa sala?"



Mwanangu hakuwa anawatazama wao, alikuwa ananitazama mimi. "Mama, ungeniambia nyumbani."

"Ulinipa niseme mbele ya watu."

"Nilikupa useme kama mama."

"Baba yako hakuniita pale kama mama wa mtu. Aliniita niseme kosa."

"Baba yako, baba yako!" Alisimama. "Huyo baba mimi simjui, mama. Ni wako. Mimi sikumwona hata siku moja akikunja huo mkia. Nimeona mdomo wako tu."

Akachukua bapa akaondoka. Kiboko alikiacha.

Ndipo wale wanaume wakaanza. Mmoja, "Hata mimi nilihisi kinacheza kidogo." Mwingine, "Niliona, nikasema nisimvunje moyo kijana." Walioniona nikipita wiki ile walinihesabu mimi kuwa mchawi wa mtoto wangu, na wao waliomdanganya mchana kweupe wakawa watu wa huruma. Wala hakuna aliyeagiza. Wangekuwa na huruma hiyo, si wangemwambia afue kingine? Walirudi kwenye simu zao kutazama visu vya wazungu.

Mwanangu akaenda upande wa mashamba ya miwa, mkewe akamfuata baada ya mavuno. Hakuja kuaga. Salamu nazisikia kwa watu, na ni salamu za mtu anayemaliza wajibu. Fuawe ipo pale pale. Kile kiboko nimekifanya kigingi cha mlango wa banda la kuku. Ni mti mgumu, kinafaa kwa kazi hiyo.

Juzi hapa nilikwenda sokoni kununua samaki. Kuna mama mmoja anayeuza kambale, mgeni, simfahamu. Alikuwa anapasua kichwa cha samaki, nikaona mkono wake unashuka bila kulazimisha. Nikasimama.

"Shikamoo, bibi. Nikupimie mkubwa?"

"Marahaba. Nionyeshe hicho kisu."

"Kisu?" Akacheka, akakifuta, akanipa mpini kwanza, kwa adabu.

Bapa nililijua limefuliwa na nani kabla halijafika mkononi. Mpini ulikuwa wa mninga, mtupu, hauna pambo lolote. Mwisho wake chuma kilikuwa kimetokeza, kimekunjwa, kimepigwa mpaka kikalala. Nikakinusa. Kilinuka kazi. Nikamwomba kichwa cha kambale, nikakiingiza nikakipinda kwa nguvu zangu zote zilizobaki. Hakikulia.

"Umekitoa wapi?"

"Kwa fundi mmoja huko kwenye miwa. Ana maneno, huyo! Nilimwambia kikichomoka je? Akaniambia, mama, mkia uko nje unauona kwa macho, kitachomokea wapi?" Akachukua samaki mwingine akaanza kumparua kwa mkono mtupu, ananingoja. "Anasema kafundishwa na baba yake."

"Baba yake."

"Ehe. Anasema mzee wake alikuwa mhunzi, alikuwa akiukunja mkia hivyo hivyo na yeye amesimama pembeni anatazama."

Nilikuwa bado nimekishika. Nilikigeuza nikautazama mgongo wake, nikayatazama makali kwenye mwanga, nikaupima kiganjani mpini uliolowa maji ya samaki, haukuteleza. Nilitafuta. Nimetafuta makosa kwenye visu maisha yangu yote, na siku ile nilitafuta kuliko siku zote.

"Vipi, bibi?" akauliza. "Kina kosa?"

Nikanyamaza. Nikamrudishia mkononi mwake.

Yule mama akanitazama, akakitazama kisu chake, naona alidhani sikukipenda. Akakifuta kwa kanga, akakiweka upande wake mbali na mimi, akanifungia samaki.