Mpini wa Mwiko

Mume wangu alipoacha kuchimba dhahabu kule Bugarama, alirudi Ushirombo na mota moja na kifua cha kukohoa. Kwenye mota hiyo akafunga gurudumu la vitambaa vilivyoshonwa pamoja, unene wa vidole viwili, nami nikajifunza kung'arisha kalamu za mbao anazokereza yeye. Masharti aliyonipa yalizidi ya ndoa. Vaa miwani, funika pua. Khanga isining'inie, na glavu marufuku, maana gurudumu likishika uzi litavuta na kidole. Kalamu ishikwe kwa mikono miwili, iguse gurudumu chini ya kitovu chake, kule linakoshukia, na isipande juu hata kidogo. Halafu akatandika blanketi kuukuu chini na nyuma ya mashine. Nilimcheka, nikamuuliza kama kalamu nazo zinalala.

Mwaka jana baba mkwe alituletea mwiko wa marehemu mama mkwe. Ulikuwa wa mninga, na ndio aliosongea ugali tangu mume wangu hajazaliwa. Ubapa ulikuwa umepasuka, lakini mpini ulikuwa mzima, wa kutosha kalamu moja tu. Mjukuu wa baba mkwe alikuwa anafunga ndoa Jumamosi iliyofuata, na mzee ndiye shahidi. Maisha yake yote alikuwa akitia dole gumba. Mama mkwe alimfundisha herufi miaka yake ya mwisho, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jikoni, na sasa mzee alitaka kuandika jina kwenye daftari la parokia kwa kalamu ya mpini ule.

Mume wangu alikereza, mimi nikapiga msasa. Nilipopaka nta na kuigusisha kwenye gurudumu, mistari myekundu ikajitokeza palipokuwa na weusi wa moshi, ikatembea kama mafuta juu ya mchuzi. Nilistaajabu mpaka nikaogopa. Miaka yote ile yule mama alikuwa ameshika uzuri huu mkononi, akageuzia ugali.

Ndipo baba mkwe akatokea mlangoni.

Kwetu mkamwana hamsalimii baba mkwe akiwa amesimama, na magoti yangu hayakuniuliza. Nilipiga goti, mkono mmoja ukaachia, nikasema, "Shikamoo, baba," na ncha ya kalamu ikapanda juu. Gurudumu likainyakua. Nilisikia kishindo kidogo nyuma ya mashine, kisha mlio wa mota tu.

Nilizima. Machozi yalikuwa yameshaanza kabla sijainama kutafuta, kwa sababu mpini mwingine haukuwepo. Nikaikuta katikati ya mkunjo wa blanketi, nzima, ina kovu dogo upande mmoja, si kubwa kuliko punje ya mtama. Lile blanketi nililolicheka.

"Marahaba," mzee akasema, bado yuko mlangoni. "Vidole?"

Nikamwonyesha vyote kumi. Akavitazama kimoja kimoja.

"Ukiwa hapo usinisalimie, mkamwana. Nitasubiri liache kuzunguka."

Sijawahi kusikia mkwe akimwondolea mkamwana salamu. Nilibaki nimepiga goti kwenye vumbi la mbao.

Kesho yake alikuja tena. Nilikuwa kwenye mashine, namalizia. Alisimama nje ameshika kofia, hakukohoa hata mara moja kunijulisha yupo, mpaka gurudumu likatulia. Nikamsalimia kwa goti, naye akaitikia.

Mume wangu alipotia mrija wa wino, mzee akaomba ajaribu. Nilimpa kipande cha karatasi nikakishikilia pembeni. Aliandika taratibu, ulimi umetoka kidogo, kidole chake kimelala juu ya lile kovu. Nikasoma. Lilikuwa jina la mama mkwe.

"Baba," mume wangu akasema kwa upole, "Jumamosi utaandika lako."

"Langu nitaliandika Jumamosi," akajibu. "Kalamu ni yake. Aanze yeye."